Dalia Nyuma ya Jiko, na Swali Uliloniuliza

Sidi, mama,

Mmetoka sasa hivi, wewe na hawe, bibi yako, kwenda kuaga majirani. Nimewaangalia mpaka mkapinda kwenye ule mkorosho, ndipo nikaingia ndani kutafuta daftari lako la mwaka jana, lile lenye kurasa tupu nyuma. Mama yangu akiaga haagi haraka. Kila nyumba atakaa, atapewa maji, atasema haya nanyanyuka sasa, na hatanyanyuka. Nadhani ninao muda mpaka jua lishuke. Nimekalia ndoo nyuma ya jiko, karibu na ua letu la dalia. Penseli ni ile yako fupi.

Mtu akijua ninamwandikia barua mtoto anayelala chumba cha pili, atanicheka. Lakini wewe wanijua. Maneno yangu hayatoki nikiwa natazamwa. Nikiwa peke yangu hapa na kuku, yanatoka kidogo kidogo.

Mambo ya kuoga, ya kula ukashiba, ya kutotoa kichwa dirishani mwa basi, hawe amekwambia tangu Jumatatu, hata mbuzi wameshayajua. Hapo sina la kuongeza. Mimi nataka kukwambia niliyoyaharibu. Na kuna swali uliniuliza, ukajibiwa vibaya. Nitalifikia. Niache nilizunguke kwanza, ndivyo nilivyo.

Nilikupata nikiwa na miaka kumi na minane. Ukapewa jina la mama yangu, ndiyo sababu nakuita mama tangu unatambaa, na yeye anakuita somo. Ulikuwa na miaka mitano nilipopata kazi kwa Sinyora, yule mama wa Kitaliano mwenye nyumba kule Shella. Mimi niliacha shule darasa la nne. Nilijua kulima mahindi na mihogo, bustani ya maua sikuijua. Mlinzi aliyeniingiza kazini aliniambia, "We fagia majani, na kila cha kijani kipe maji. Ukiulizwa kitu, sema ndiyo."

Nikasema ndiyo sana, mama.

Siku moja Sinyora akanijia na sanduku la viatu. Ndani mna unga wa mbao, na ndani ya unga wa mbao mna viazi, mafungu kumi na mawili, vimeshikana kama vidole, kila fungu lina kijiti kikavu juu. Alilishika lile sanduku kama mtu aliyebeba mayai.

"Karisa, hii maua ya mama yangu. Mama amekufa. Hii ni dalia yake. Shingo juu, sawa? Jicho iko hapa kwa shingo. Maji hapana, mpaka yeye ametoka. Umefahamu?"

"Nimefahamu, Sinyora."

Sikufahamu hata nusu. Jicho gani? Nani atoke? Nilitaka kuuliza, nikalipokea sanduku tu. Kesho yake akapanda ndege kurudi kwao.

Nikabaki na sanduku. Nikalitazama siku tatu. Siku ya nne nikaona nimeelewa: kijiti juu, kiazi chini. Mimi ni mtoto wa Ganda. Kitu chenye kijiti juu na kiazi chini nakijua tangu sijaota meno. Ni muhogo. Na muhogo hupandi kiazi, unapanda kijiti. Kiazi unakula.

Basi nikachukua panga nikakata vijiti vyote pale pale shingoni. Nikavipanda kwa mstari mzuri, vimelala upande kidogo, kama baba alivyonifundisha. Nikavipa maji asubuhi na jioni. Viazi nikavitia kwenye mfuko nikamletea hawe yako.

Hawe akavichemsha kwa chumvi. Akaonja, akanitazama.

"Karisa, muhogo gani huu? Hauna unga, hauna utamu. Ndio wanaoula Wazungu?"

"Labda haujaiva, mama."

"Mimi nimepika muhogo kabla wewe hujazaliwa, usinifundishe moto!"

Na akavimaliza, manake kwake chakula hakitupwi. Hata wewe ulipewa kipande, ukakitema kiganjani mwangu.

Sinyora alirudi baada ya miezi minne. Hakufungua hata mabegi, akatoka mbio bustanini. Akakuta vijiti vimesimama kama njiti za kiberiti.

"Ziko wapi?"

"Hivi hapa, Sinyora."

"Hapana, Karisa. Viazi. Viazi ya mama yangu."

Mlinzi alikuwa nyuma yake ananionyesha kwa midomo: panya, sema panya. Mimi nikasema, "Mama yangu amevila."

Sinyora akakaa kwenye ngazi. Akacheka. Akacheka mpaka kile kicheko kikageuka kilio, na mimi sikujua niende au nibaki. Nikabaki nimesimama na mpira wa maji mkononi, maji yananilowesha miguu. Mwisho akaniuliza, "Kwa nini wewe hapana uliza?" Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira ningepata nafuu.

Hakunifukuza. Mwaka uliofuata akaleta mafungu matatu kutoka kwa dada yake. Safari hii nikamwambia, "Sinyora, nionyeshe jicho." Akachukua kidole changu akakiweka pale kijiti kinapokutana na kiazi. Pana kichunusi, chekundu, kama kipele cha joto. Hicho tu. Shingo ikivunjika hapo, kiazi kitakaa ardhini kimenona na hakitatoa kitu. Ndivyo nilivyofanya na vyote vya mama yake.

Nimeinuka kwenda kuangalia njia. Hamjaja bado. Mbuzi mmoja ananitazama.

Habari ya viazi unaijua, hawe huisimulia kila wageni wakija na wewe huongezea chumvi. Ya Kikambala huijui.

Mama yako hakunikimbia. Kuna watu watakwambia hivyo, waache na maneno yao. Alikwenda kufanya kazi hotelini Kikambala, kutandika vitanda, ulipokuwa na miaka minne. Mwanzo alikuja kila mwezi. Siku moja anaondoka, akasimama hapo mlangoni na mkoba wake begani.

"Karisa, nikae huko au nirudi? Sema neno."

Nikamwambia, "Wewe ndiye unayejua."

Niliona hiyo ndiyo heshima, mtu kumwachia aamue mwenyewe. Sasa nikikumbuka uso wake pale mlangoni naona hakutaka kuachiwa. Alitaka asikie kuna mtu anamtaka.

Miezi mitatu hakuja. Nikapanda gari mpaka Kikambala. Njia nzima nafanya mazoezi ya maneno mawili: rudi nyumbani. Mawili tu. Nikasimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha madafu, mkabala na lango la wafanyakazi. Saa kumi wakatoka. Alikuwa amesuka nywele upya, anacheka na wenzake, anajipangusa mikono kwa leso. Nikasema nikimaliza dafu hili navuka. Nikamaliza. Nikaagiza la pili. Yule muuzaji akaniambia, "Kaka, wewe una kiu au una kesi?" Nikanywa. Mama yako akapanda gari, gari likaondoka, nikabaki na ganda la dafu mkononi.

Mpaka leo hajui kwamba nilikuja. Usimwambie. Au mwambie. Mwambie, ukipata siku nzuri. Sasa ana mume wake na cherehani yake huko Wundanyi na ametulia, hapana kitu kitakachovunjika. Lakini asiendelee kudhani kwamba sikuinuka.

Nimezunguka jiko mara mbili. Mkono umechoka, sijazoea kuandika hivi. Kwenye jembe siku nzima sihisi kitu, kwenye penseli jasho linanitoka.

Hili letu hapa nyuma ya jiko unajua lilivyotutesa. Sinyora alinikatia kipande kutoka kwa yale yake, nikakileta kimefungwa kwenye gazeti. Mwaka wa kwanza nilikipa maji kila siku kabla hakijatoka, kikaoza. Nilikuwa nimeambiwa. Lakini mchanga wetu ukiuona mkavu hivi, mkono unakwenda wenyewe kwenye ndoo. Akanipa kingine. Mwaka wa pili sikukipa maji, ila nilikichimbua. Kila asubuhi nafukua kwa kidole kuona kama kimetoka. Siku ya tisa kilikuwa kimetoka, cheupe, laini, na kidole changu ndicho kilichokivunja.

Mwaka huu ukaingia wewe. Tukasubiri mvua kubwa ipungue na joto lishuke, tukapanda pale panapopata jua la asubuhi tu. Mti wa kulishikilia tukausimamisha kwanza, kabla ya kiazi, tusije tukakichoma baadaye. Ukaning'inizia kipande cha makuti upande wa jua la saa nane. Halafu ukachukua kijembe changu ukakificha chini ya kitanda cha hawe.

"Baba, ukichimba tena mimi nahama."

"Utahamia wapi?"

"Kwa mbuzi. Wao wana subira."

Siku kumi na saba, mama. Siku kumi na saba nikitembea kulizunguka shimo kama aliyepoteza ufunguo. Siku ya kumi na nane ulikuja kuniamsha.

Lilipokuwa na majani jozi nne nikalikata kichwa, ukapiga kelele, "Umeliua!" Hukusema na mimi mpaka usiku. Wiki ya pili likatoa matawi kila upande, ukasema ulijua tangu mwanzo. Kisha yakaja matumba, matatu matatu, moja katikati na mawili ubavuni. Nikayatoa ya ubavuni ili la katikati lipate nguvu. Wewe ukayaokota, ukayatia kwenye kikombe cha maji dirishani. Kila asubuhi nilikuona unainama kuyatazama. Nilijua hayatafunguka. Tumba la dalia likikatwa bado limefumba, linafumba hivyo hivyo mpaka linaoza. Nilijua, nikakuangalia siku sita, sikusema. Hilo nalo nakuomba radhi.

Tumba kubwa la juu limeanza kuonyesha wekundu jana. Siku mbili, labda tatu, litafunguka. Wewe unaondoka kesho asubuhi.

Leo alfajiri nilikuja hapa na kisu. Nilitaka nilikate nikufungie kwenye kitambaa chenye maji uende nalo. Nikaona bado limefumba. Nikarudisha kisu jikoni. Hawe akaniuliza, "Kisu umekitolea nini?" Nikasema, "Basi tu." Akaniambia, "Tangu utoto wako we ni basi tu."

Sasa nilifikie.

Siku ile mama yako alipopiga simu tulikuwa hapa hapa. Nilikuwa na matope mikononi, ndiyo sababu ukanishikia simu na sauti ikawa wazi. Ulisikia kila kitu. Alisema sasa uko gredi ya tano, shule yetu ni saa nzima na nusu kwa miguu, na kule kwao iko mlango wa pili, yenye vitabu. Akasema, "Karisa, nataka aje akae na mimi. Wasemaje?" Mimi nikapangusa matope kwenye suruali. "Karisa, uko?" "Niko." "Basi sawa?" "Sawa."

Halafu kuchangamsha mazungumzo akauliza twafanya nini. Ukamwambia tunatunza dalia. Akacheka vizuri tu, hakuwa na nia mbaya, akasema, "Haya ya kuhangaikia? Huku yanaota yenyewe penye majalala!" Nilikuona ulivyoliangalia letu, na mti wake na makuti yake, kama mtoto mgonjwa.

Simu ikakatika. Ukaniuliza, "Baba, wataka niende?"

Nikakwambia, "Shika ndoo hiyo."

Ukashika ndoo. Ukaenda kuchota maji. Tangu siku hiyo hujauliza tena, na mimi nimekuwa nikikutazama ukifunga vitu vyako. Unakunja nguo mara mbili mbili. Umemwachia jirani yako mpira wako wa rede. Juzi nilikusikia unamwambia hawe, "Baba hana neno, yeye amesema sawa." Ulisema kama unaongea habari za mtu mwingine. Nilikuwa nje ya dirisha na fagio.

Sikiliza, mama. Sitaki uende. Sikutaka siku ile na sitaki leo. Usiku nikikusikia unakohoa chumba cha pili naamka kabla hujamaliza. Nikirudi kutoka Shella, pale kwenye mkorosho naanza kuangalia kama upo mlangoni. Nyumba hii bila wewe sijui nitaingiaje.

Na nenda. Yote mawili ni kweli, hayagombani ndani yangu, au yanagombana lakini nayavumilia. Shule ile ni nzuri. Mama yako anakutaka, na yeye alijua kulisema kwa mdomo, mimi nimehitaji daftari. Nilisema sawa manake ni sawa. Ila sawa si jibu la swali lako. Wewe hukuuliza kama ni sawa. Uliuliza kama nataka.

Sasa umeshajua.

Yule mume wa mama yako, ukiona ni vizuri kumwita baba, mwite. Nimeliwaza hilo mara nyingi mpaka limeacha kuniuma, karibu. Mwalimu akiuliza mmeelewa na wewe hujaelewa, usiitikie. Hata wakicheka. Mimi niliitikia nikalisha nyumba nzima maua ya marehemu.

Na utakapoyaona madalia ya kule penye majalala, mekundu na ya manjano, yanaota bila mtu, yafurahie. Kule pana baridi, yanapenda. Usilionee haya letu. Letu limetoka mahali ambapo halikutakiwa kutoka, na watu wawili walikesha nalo.

Kuna kitu nakuomba, na hiki ni cha kweli, si cha kukufariji. Likimaliza kuchanua na majani yakikauka, mwezi wa kumi na mbili, inabidi lichimbwe. Chini litakuwa limeshakuwa fungu, viazi vingi, na shingo zake ni nyembamba. Mtu mmoja hawezi. Mmoja ainue udongo kwa chini taratibu, wa pili ashike kijiti na kuzikinga shingo kwa viganja zisivunjike. Sinyora na mimi hufanya hivyo pamoja. Hapa nyumbani hawe hawezi kuinama, na mbuzi unawajua. Nitaliacha lisichimbwe mpaka uje. Shule zikifungwa, njoo. Nimemwambia mama yako? Bado. Nitampigia leo, kabla sijaingia kulala, na nitalisema mimi mwenyewe: nataka Sidi aje Desemba. Nimelifanyia mazoezi tangu nianze ukurasa huu.

Nasikia sauti ya hawe upande wa mkorosho. Anasema majirani wamemshibisha maji mpaka anasikia yanacheza tumboni. Na wewe unamuuliza kama dalia litakuwa limefunguka. Unatembea haraka, yeye anakuita, "Somo, ningoje, miguu yangu si kama yako!"

Nilitaka kuitia barua hii kwenye begi lako, chini ya nguo, uikute huko huko nikiwa mbali. Ndivyo nilivyopanga tangu asubuhi. Sasa naona hiyo ni Kikambala tena, ni kusimama ng'ambo ya barabara na dafu.

Basi daftari naliacha juu ya jiwe, utalichukua ukitaka. Mimi nasimama hapa kwenye dalia. Ukifika niulize tena lile swali. Uliza tu. Leo sitakwambia ushike ndoo.

Babako,
Karisa